Kasisi Aliyesoma Gazeti na Wanawe

Miaka mingi iliyopita, jioni moja, nilimtuma binti yangu dukani kununua sukari. Wakati huo alikuwa darasa la tatu. Duka lenyewe lilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani, lakini mtoto alikawia hata maji ya chai yakakaribia kukauka jikoni. Nikatoka kumtafuta hali nimekwisha kupandwa na hasira. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe kando ya njia, sukari ameipakata, shingo ameipinda. Siku hizo sukari ya kupimiwa ilifungwa kwa kipande cha gazeti kuukuu, na mtoto alikuwa akikisoma kile kipande, akikizungusha polepole mapajani apate kujua habari ile imeishia wapi. Haikuwa imeishia popote, kwani mwenye duka alikuwa amelichana gazeti katikati ya habari.

Nilimkemea, tena nilimkemea sana, nikamrudisha nyumbani mbio. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Mimi nilikuwa mtu wa kununua gazeti kila siku aliyoileta Mungu. Nilikuwa nikirudi kazini naketi kitini, nalisoma peke yangu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha nalikunja na kuliweka juu ya kabati. Watoto walijua kuwa kuligusa gazeti la baba ni kutafuta kiboko. Vitabu nilivyokuwa navyo, ambavyo havikuzidi ishirini, vilikuwa ndani ya sanduku la bati, nalo lilikuwa na kufuli. Hivyo mwanangu, aliyezaliwa katika nyumba yenye msomaji, alikuwa akisoma kwa kuibia, njiani, habari zisizo na mwisho. Je, mwenye makosa alikuwa nani?

Ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja ambaye habari zake nilizisoma nilipokuwa kijana. Jina lake ni Patrick Brontë, kasisi wa kanisa la Kiingereza, aliyefariki mwaka 1861. Wengi wetu tuliokwenda sekondari tunamjua bintiye Charlotte kwa sababu ya kitabu chake Jane Eyre, na wengine wanamjua Emily, aliyeandika Wuthering Heights. Baba yao hatajwi sana. Nami naomba leo, msomaji wangu, unipe nafasi nikusimulie maisha ya baba huyo, kwani yalinifunza jambo ambalo sikufunzwa na mtu mwingine.

Mtoto wa kibanda

Patrick alizaliwa tarehe 17 Machi mwaka 1777, huko Emdale katika jimbo la Down, Ireland, katika kibanda cha vyumba viwili. Alikuwa kifungua mimba, na baada yake wakaja wadogo tisa. Baba yao, aliyeitwa Hugh Brunty, alikuwa kibarua wa mashamba. Mali hakuwa nayo, ila alikuwa bingwa wa kusimulia hadithi, na majirani walikuwa wakikusanyika kumsikiliza. Vitabu katika nyumba ile vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole.

Kijana Patrick alijaribu kazi ya uhunzi, kisha akajaribu kufuma nguo. Lakini mkono mmoja ukiwa kazini, wa pili ulikuwa kitabuni. Alipofikia umri wa miaka 16 hivi alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa watoto wenziwe. Kasisi mmoja wa sehemu zile, Thomas Tighe, aliona bidii yake, akampa kazi ya kuwafundisha watoto wake na kumfungulia njia ya masomo ya juu. Mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 25, Patrick aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwa miongoni mwa wanafunzi maskini waliopunguziwa ada. Huko ndiko alikoliacha jina la Brunty akajiandika Brontë. Mwana wa kibarua akawa kasisi mwaka 1806, na baadaye akatoa hata vitabu vidogo vya mashairi yake mwenyewe, cha kwanza mwaka 1811.

Mtu wa namna hii hahitaji kuambiwa faida ya kusoma. Kilichomtoa kibandani ni kusoma, wala si kingine.

Msiba juu ya msiba

Mwaka 1812 alimwoa Maria Branwell, mwanamke aliyetoka kusini ya mbali ya Uingereza. Wakajaliwa watoto sita: Maria, Elizabeth, Charlotte, Branwell ambaye ndiye mvulana pekee, Emily na Anne. Mwaka 1820 familia ilihamia Haworth, mji mdogo wa kilimani katika jimbo la Yorkshire, wenye baridi na upepo usiokoma. Nyumba ya kasisi ilikuwa kando ya makaburi, na makaburi hayo hayakukosa kazi. Ripoti ya serikali ya mwaka 1850, iliyoandikwa baada ya Patrick mwenyewe kupigania maji safi kwa watu wake, ilionyesha kuwa zaidi ya watoto 4 kati ya kila 10 katika mji ule walikufa kabla ya kufikia umri wa miaka sita.

Hawakuwa wamemaliza miaka miwili huko mama alipofariki, Septemba 1821, kwa maradhi ya muda mrefu. Mtoto mkubwa alikuwa na umri wa miaka saba, na wa mwisho hajafikisha miwili. Dada ya marehemu, Elizabeth Branwell, alikuja kuwalea watoto wa nduguye, akakaa nao mpaka kifo chake.

Fikiri hali ya mzee huyu. Mshahara wake haukuwa mkubwa. Nyumba aliyoishi ilikuwa mali ya kanisa, maana yake siku atakayofumba macho wanawe watatolewa nje na virago vyao. Shamba la kuwarithisha hakuwa nalo, wala duka, wala ng'ombe. Urithi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, ule aliotoka nao Ireland. Basi akaanza kuwagawia mapema.

Aligawa kwa namna gani? Kwanza, hakuwafungia vitabu. Vitabu vya nyumba ile vilikuwa wazi kwa kila mtoto, navyo havikuwa vitabu vya watoto peke yake. Walisoma Biblia, walisoma Shakespeare, Walter Scott na hata Byron, mshairi ambaye wazazi wengi wa siku zile walimficha mabinti wao wasimwone. Pili, gazeti. Nyumba ya Kasisi Brontë ilikuwa ikipata magazeti mawili kwa juma, na ya jirani waliyaazima. Gazeti lilipofika halikupandishwa kabatini. Yule binti mkubwa, Maria, hali hajafikisha miaka kumi na moja, alikuwa akijifungia nalo katika chumba kidogo cha watoto, na akitoka anawasimulia wadogo zake yote yaliyomo, mambo ya bungeni na ya nchi za mbali. Baba yake alisema baadaye kuwa aliweza kuzungumza na mtoto yule juu ya jambo lolote la siku zile kama azungumzavyo na mtu mzima.

Kuna kisa kimoja ambacho mzee mwenyewe alikieleza uzeeni. Alishuku kwamba wanawe wanajua mengi kuliko wanayoyasema kwa ajili ya haya. Akatwaa kinyago kilichokuwa nyumbani, akamwambia kila mtoto asimame nyuma yake ajibu maswali bila woga, maana uso hauonekani. Alimwuliza Anne, aliyekuwa na miaka minne hivi, mtoto wa umri wake anahitaji nini zaidi, naye akajibu kuwa ahitaji umri na maarifa. Alimwuliza Charlotte ni kitabu gani kilicho bora duniani, akataja Biblia, na alipoulizwa cha pili akataja kitabu cha maumbile. Emily aliulizwa wamfanyeje kaka yake Branwell anapokuwa mtundu, akashauri kwanza aelezwe kwa maneno, na asiposikia achapwe. Mimi nilipokisoma kisa hiki nilicheka, kisha nikanyamaza. Wangapi kati yetu tumewahi kuwauliza watoto wetu swali, tukangoja jibu?

Ingawa hivyo, mzee alifanya kosa moja lililomwuma maisha yake. Mwaka 1824 aliwapeleka mabinti wanne katika shule ya bweni ya watoto wa makasisi, huko Cowan Bridge, kwa kuwa ada yake ilikuwa nafuu. Chakula kilikuwa kibaya na baridi ilikuwa kali. Maria alirudishwa nyumbani na kifua kikuu, akafa Mei 1825, umri wake miaka 11. Elizabeth akamfuata Juni, umri wake miaka 10. Baba alikwenda mbio kuwachukua Charlotte na Emily. Kwa miaka kadhaa iliyofuata watoto wale wanne waliosalia walisomea nyumbani, baba akiwafundisha chumbani mwake na shangazi, yaani mama yao mkubwa, akiwasimamia.

Miaka minne baadaye Charlotte, akiwa na umri wa miaka 12, aliketi jikoni akaandika habari za nyumba yao. Alianza na kitabu kikuukuu cha jiografia ambacho baba yao aliwahi kumwazima Maria. Maria alikuwa ameandika katika ukurasa mtupu kwamba baba amemwazima kitabu hiki, na Charlotte alikuwa nacho mbele yake wakati akiandika. Kaburi lilikuwa limemchukua Maria, lakini mwandiko wake ulikuwa bado ukisomwa na mdogo wake.

Askari wa mbao

Juni 1826 Kasisi Brontë alisafiri hadi mji wa Leeds, na aliporudi usiku alimletea Branwell askari kumi na wawili wa mbao. Asubuhi mvulana alikimbilia chumba cha dada zake, na kila mmoja akachagua askari wake na kumpa jina. Charlotte alimwita wake Duke wa Wellington, jemadari aliyekuwa akimsoma gazetini. Branwell akamwita wake Bonaparte. Mchezo ukazaa hadithi, na hadithi zikazaa vitabu. Watoto wale walichukua vipande vya karatasi, wakavikata vikawa vidogo kama kiganja cha mtoto mchanga, wakavishona kwa uzi, wakaandika kwa herufi ndogo sana mfano wa chapa, ili vitabu viwafae wale askari. Majalada mengine waliyafanya kwa karatasi ya kufungia sukari. Nilipofika mahali hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Karatasi ya sukari! Kumbe mwanangu hakuwa wa kwanza.

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi. Nchi ambayo watoto wale waliitunga kwa ajili ya askari wao waliiweka Afrika, katika pwani ya magharibi, karibu na Ashanti. Habari za huko walizipata katika vitabu vya jiografia na katika jarida la Blackwood's walilokuwa wakiazima. Mwafrika wao wenyewe hawakumjua. Hivyo wakawapeleka Waingereza wa kubuni wakaiteke nchi ya kubuni, wakajenga mji wa fahari, na wenyeji wakafanywa adui wa kupigwa. Yumo hata mwana wa mfalme wa Ashanti, Quashia, ambaye baba yake anauawa, naye analelewa na Duke wa Wellington, kisha anainuka kuwapiga waliomlea.

Siwalaumu watoto. Waliandika walichokisoma. Lakini mzazi wa Kiafrika akisoma habari hii lazima ajiulize mtoto wake anasoma nini, na ni nani aliyekiandika. Mtoto hujenga dunia yake kwa matofali anayoyakuta nyumbani. Tusipompa hadithi za kwetu, zenye mito yetu na majina yetu, ataijenga nchi yake mwenyewe kwa macho ya mgeni. Nadhani hii ni sababu ya kutosha ya kutafuta vitabu vya Kiswahili na kuvilaza mezani pamoja na vya Kiingereza.

Mwaka 1829 bunge la Uingereza lilikuwa likijadili kuwapa Wakatoliki haki zao za siasa. Charlotte ameeleza jinsi gazeti lenye habari hizo lilivyofika, jinsi baba yake alivyolichana lile karatasi la juu kwa pupa, na jinsi wote walivyomzunguka wakisikiliza kwa shauku alipokuwa akisoma na kuwaeleza hoja moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe hajafikisha miaka 13, na mdogo wao ana tisa. Watu waliokuja kumwandika mzee huyu baadaye walimfanya kuwa mtu mkali, mpweke, wa ajabu ajabu. Wachunguzi wa siku za karibuni wamezisahihisha habari nyingi za namna hiyo. Mimi nikitaka kumjua, namwona katika picha ile: baba amesimama na gazeti mkononi na watoto wanne wamemzunguka.

Watoto walipokua

Desturi haikufa watoto walipokuwa watu wazima. Saa tatu za usiku mzee alikuwa akisali na nyumba nzima, kisha anapanda ngazi kwenda kulala, na njiani anaitia ufunguo saa ya ukutani. Hapo mabinti watatu walikuwa wakizunguka meza ya chumba cha kulia, wakisomeana walichokiandika na kukosoana. Mwaka 1846 walitoa kitabu cha mashairi kwa fedha walizorithi kwa mama yao mkubwa, wakajificha nyuma ya majina ya kubuni. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili.

Mwaka huo huo mzee alikuwa karibu kuwa kipofu kwa mtoto wa jicho. Yule aliyewasomea watoto sasa akasomewa na watoto. Mwezi wa Agosti Charlotte alimpeleka Manchester akapasuliwa jicho, naye alistahimili bila dawa ya usingizi. Katika siku zile za kumwuguza, baba amelala katika chumba cha giza amefungwa kitambaa machoni, Charlotte alianza kuandika Jane Eyre. Kitabu kilitoka Oktoba 1847, na Desemba vikatoka vya Emily na Anne. Kitabu cha Charlotte kilipokwisha kupata sifa, aliingia chumbani kwa baba yake na nakala mkononi, akamwambia ameandika kitabu. Mzee alidhani ni karatasi za mkono, akalalamika kuwa zitamchosha macho. Alipoambiwa kimepigwa chapa, akahofia hasara. Alasiri, wakati wa chai, aliwatangazia wengine kuwa Charlotte ameandika kitabu, tena si kibaya kama mtu angedhani. Hiyo ndiyo sifa ya baba mwenye haya, nasi tunawajua wazee wa namna hiyo.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba kusoma ni hirizi. Branwell alilelewa katika nyumba ile ile, na baba alimfundisha Kigiriki na Kilatini kwa mikono yake. Pombe na kasumba zilimshinda nguvu, akafariki Septemba 1848. Emily akafuata Desemba mwaka huo huo, na Anne Mei 1849, wote kwa kifua kikuu. Charlotte aliolewa mwaka 1854 na msaidizi wa baba yake kanisani, na mwaka uliofuata, Machi 31, naye akafa. Mzee wa miaka 78 akawa amewazika wanawe wote sita. Aliishi miaka sita mingine katika nyumba ile, akitunzwa na mkwewe, na Juni 7, 1861 akafariki akiwa na umri wa miaka 84. Yeye ndiye aliyemwomba mwandishi Elizabeth Gaskell aandike maisha ya Charlotte, na kitabu hicho kilitoka mwaka 1857, kwa hiyo aliwahi kukisoma.

Mtu anaweza kusema kuwa mzee huyu alipanda shamba na mavuno yote yakaenda na mafuriko. Mimi sisemi hivyo. Kila mwaka watu hupanda kilima kile cha Haworth kwenda kuiona nyumba, na wale walioketi darasani hapa kwetu na kitabu cha bintiye mikononi wamekwisha kula katika shamba lake.

Kesho yake baada ya kisa cha sukari, nilifungua kufuli ya sanduku la bati. Sikutoa hotuba. Jioni nilirudi na gazeti, na baada ya kula nikalitandaza juu ya mkeka, taa katikati, nikamwita binti yangu anisomee habari moja, nami nimsomee nyingine. Mwanzoni aliniogopa, akasoma kwa sauti ya kunong'ona. Mama yake alileta mboga zake za kuchambua akakaa karibu. Mdogo wake, ambaye hakuwa amejua hata herufi moja, alipewa kazi ya kutuonyesha picha. Mwezi haukwisha kabla hawajaanza kunilaki njiani, si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya gazeti. Kurasa zilichanika, ni kweli, na mara moja ukurasa wa michezo ulimwagikiwa na uji. Sikuona nyumba ikianguka kwa sababu hiyo.

Binti huyo leo ni mama wa watoto wawili. Juma lililopita alinijia nao. Yule mdogo, mwenye miaka mitatu, alilinyakua gazeti langu kabla sijalimaliza, akaketi nalo sakafuni kichwa chini miguu juu, akaanza kunisomea kwa lugha yake mwenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho wa habari.